Kijiti kinafuata volani: uhakiki wa ukurasa mmoja wa otoekoli

Niko na kitabu kidogo cha fotokopi hapa mezani. Otoekoli moja ya hapa Bunia ndiyo ilinipa, mwaka ule nilipomaliza lisansi na kila tangazo la kazi la ONG lilikuwa na mstari uleule wa mwisho: awe na permi ya kuendesha gari. Kifuniko kimeshatoka, kurasa zimekula vumbi, lakini sijakitupa. Kwenye ukurasa wetu huu tumezoea kuhakiki riwaya, filamu na hotuba za wakubwa. Leo naomba nihakiki hiki kitabu, na sana sana ukurasa wake mmoja, ju ule ukurasa ulisaidia kuvunja mguu wa mtu. Mwenye kushika volani siku hiyo nilikuwa mimi.

Nianze na mazuri, maana yapo. Kitabu kinaeleza alama za barabarani vizuri kabisa. Haki ya kupita ya yule anayetoka kuume imeelezwa kwa michoro minne, na mtoto wa primeri anaweza kuelewa. Kinafuata Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile tunayoita kanuni mpya ya barabara ingawa ni mzee kuliko karibu wote wanaosoma hapa. Kifaransa chake ni safi. Na mwalimu wetu, papa mmoja wa subira nyingi, alikuwa anasoma mstari, anafasiria kwa Kiswahili, anasubiri tuandike, kisha anaendelea. Sina ugomvi naye.

Ukurasa wenye shida ni ule wa vyombo vya mkono. Kuna mchoro: volani iko upande wa kushoto wa gari, na chini ya volani vijiti viwili vinatokea pembeni kama masharubu. Cha kushoto kimeandikwa klinyota na taa. Cha kuume kimeandikwa eswiglasi, lile fagio la kufuta kioo. Chini ya mchoro kuna sentensi moja ya kukariri: juu ni kuume, chini ni kushoto. Basi. Ukigeuza karatasi, tayari wako kwenye mafuta ya moteri.

Tulikariri. Ni kazi tunayoijua tangu darasa la kwanza. Siku ya mtihani nilijibu bila kusitasita, juu ni kuume, chini ni kushoto, na gari ya otoekoli, mzee mmoja wa volani ya kushoto, ilitii kila neno.

Sasa toka nje ya ukurasa, simama pembeni ya Boulevard de Libération saa kumi za mchana, uhesabu. Carina, Probox, Ipsum, Noah, RAV4. Volani ziko wapi? Nyingi ziko kuume. Kila mtu anajua sababu yake hata kama hajakaa kuifikiria. Ujapani wanatembea kushoto mwa barabara. Uganda, Kenya na Tanzania pia. Gari iliyotumika kule Ujapani inashuka kwenye bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, inapanda hadi Uganda, inavuka mpaka na kutufikia ikiwa vilevile ilivyotoka kiwandani. Sisi tunatembea kuume, desturi tuliyoachiwa na Wabelgiji. Miaka ya 2010 serikali ilitangaza kukataza kuingiza magari ya volani ya kuume. Ukitaka kujua tangazo lile lilifikia wapi, rudi pale pale kwenye boulevard uhesabu tena.

Si sisi peke yetu duniani tuliojikuta na gari za upande mmoja na barabara ya upande mwingine. Sweden walikuwa wanatembea kushoto huku gari zao nyingi ziko na volani kushoto, kama sisi lakini kwa kinyume. Tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ilihamia kuume asubuhi moja. Samoa walifanya kinyume mwezi wa Septemba 2009: waliacha kuume wakahamia kushoto, kusudi wananchi wapate gari za bei ndogo kutoka Australia, New Zealand na Ujapani. Mmoja alibadili barabara ifuate gari alizokuwa nazo, mwingine akabadili barabara ifuate gari alizokuwa anazitaka. Sisi hatukubadili kitu. Tulisema tu: papa, zoea.

Na kwa kweli mtu anazoea kukaa kuume. Kile kitabu hakisemi ni kwamba kwenye gari iliyotengenezwa kwa soko la Ujapani vijiti navyo vimebadilishana nafasi. Klinyota na taa ziko kuume, eswiglasi iko kushoto. Gari za Ulaya hazifanyi hivyo, hata zile za Uingereza zenye volani ya kuume kwa kawaida zinaacha klinyota kushoto. Ujapani wana utaratibu wao. Kwa hiyo mtu aliyejifunzia Land Cruiser ya kazini yenye volani ya kushoto, akirudi nyumbani na kuchukua Carina ya mjomba, mkono wake unatafuta klinyota na kuamsha eswiglasi. Jua linawaka, vumbi limejaa kioo, na fagio linaanza kukwaruza kavu. Watu wa kandokando wanacheka. Mimi pia walinicheka, wiki ya kwanza nilipoazima Carina ya baba mdogo.

Kosa hilo la eswiglasi ni kosa jema, maana linajionyesha. Linakupigia kelele mbele ya macho. Baada ya siku nne mkono wangu ulikuwa umeshahamia kuume, nikajiona nimemaliza masomo.

Lililobaki halikuwa na kelele. Kitabu kilisema juu ni kuume, chini ni kushoto. Lakini hiyo ni kweli kwa kijiti kilicho upande wa kushoto wa volani tu. Kikiwa upande wa kuume, mambo yanageuka: chini ni kuume, juu ni kushoto. Hakuna aliyenieleza, na mimi mwenyewe, pamoja na diploma yangu, sikujiuliza.

Ilikuwa wiki ya tatu. Niko kwenye boulevard, nataka kukata kushoto kuingia kwenye avenyu moja ya udongo. Nikapunguza mwendo, nikasukuma kijiti chini. Nikasikia tik-tik, tik-tik, nikatulia moyoni: nimeonyesha. Macho yangu yalikuwa kwa Fuso iliyokuwa inakuja mbele. Fuso ikapita, nikakata. Motari aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameona taa yangu ya kuume inawaka. Alifanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya, akapita kushoto kwangu. Alinikuta katikati.

Mama aliyempakia alianguka juu ya nyanya zake na akainuka mzima, Mungu asifiwe. Kijana mfupa wa muundi ulivunjika. Watu walijaa, mnajua Bunia, na kabla sijafungua mlango tayari kulikuwa na hukumu tatu tofauti. Yeye hakupiga kelele. Alikuwa ameketi chini, ameshika goti, akaniangalia na kusema: "Papa, si ulisema unaendaka kuume?"

Nilimlipia matibabu. Miezi minne hakupanda moto, na moto yenyewe haikuwa yake, alikuwa anampelekea mwenyewe malipo kila jioni. Hayo tulimalizana kati ya familia mbili na si ya kuandikwa hapa. Lakini sentensi yake imekaa kichwani, ju klinyota ni kusema. Nilisema neno moja na kutenda lingine, na ule tik-tik niliousikia ulikuwa sauti ya uongo wangu mwenyewe.

Baadaye nilikaa ndani ya ile Carina imesimama kwenye parseli, nikafanya kile ambacho kitabu kingenifanyisha siku ya kwanza. Nikashika volani kwa mikono miwili, ukutani mwa saa, mmoja kwenye tisa na mwingine kwenye tatu. Nikajifanya nakata kuume. Mkono wa kuume ulienda wapi? Chini. Na wa kushoto? Juu. Nikafanya kama nakata kushoto: mkono wa kuume ukapanda, wa kushoto ukashuka. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kijiti kinafuata volani! Popote kilipowekwa, kushoto au kuume, kinasukumwa upande uleule ambao mkono ulio karibu nacho unaelekea unapogeuza volani. Mhandisi hakuweka kitendawili. Aliweka kanuni moja yenye akili, na kitabu chetu kikaivunja vipande viwili, kikatupa kimoja, na kutukaririsha kingine.

Hapo ndipo uhakiki wangu ulipo. Kitabu kilipaswa kutufundisha jinsi kitu kinavyofanya kazi. Kilitupa jibu la mtihani. Na jibu la mtihani lina adabu siku ile tu gari la mtihani linapofanana na gari la barabarani. Sisi tuliosoma vyuo vya hapa, UNIBU, Shalom, ISP, tunaujua huu ugonjwa kwa jina na kwa ukoo. Tofauti ni kwamba ukikariri vibaya historia, unapata 9 kwa 20 na unarudi sesheni ya pili.

Basi, kwa kuwa kitabu kiliishia sentensi moja, niendelee pale kilipoachia.

Mkono hautoki kwenye volani kufuata kijiti. Vijiti viliwekwa umbali wa kidole kwa sababu hiyo. Kiganja kinabaki kwenye duara, kidole kimoja au viwili vinanyooka, vinasukuma, vinarudi. Naona vijana wengi wanaachia volani yote, wanakamata kijiti kwa ngumi kama mpini wa jembe. Kwenye lami unaweza kupona. Kwenye njia yetu ya mashimo gurudumu likiingia shimoni sekunde ile, volani inajigeuza yenyewe, na wewe umeshika taa. Usiingize mkono katikati ya duara la volani kufikia kijiti cha upande wa pili pia. Nimeona mtu anashika simu kwa mkono mmoja na kupitisha mwingine ndani ya volani. Kama gari iko na erbagi, ule mfuko wa hewa unaolala katikati ya volani, unafunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mkono uliopita mbele yake unarudishwa usoni mwako.

Na macho yabaki mbele. Kwenye kilomita 40 kwa saa gari inakula mita 11 kila sekunde. Ukiinama sekunde mbili kutafuta kitufe, umetembea mita 22 kama kipofu, na katika mita 22 za boulevard yetu wanaenea motari watatu, mama mwenye beseni na mbuzi. Mahali pa kujifunza vijiti ni gari imesimama. Weka kontakti, fumba macho, mtu akutajie: kuume, kushoto, taa ndogo, taa kubwa, maji ya kioo. Dakika kumi kwa siku tatu. Hata ule mkono mdogo ulio chini ya shingo ya volani, unaoachia volani ipande na kushuka, ugusaji wake ni kabla ya kuondoka tu. Ukiufungua njiani volani inakuangukia mapajani.

Onyesha kabla ya kukanyaga freni, si baada. Kwetu watu wengi wanakanyaga, wanaanza kukata, ndipo wanakumbuka klinyota. Hapo haisaidii tena aliye nyuma. Zaidi ya hapo, volani ikishageuzwa, mikono nayo imehama, na kijiti hakiko tena pale kidole kinapokitafuta. Wengi wanakosea upande kwa sababu wanasukuma wakiwa tayari katikati ya kona. Na ukishasikia tik-tik, tupa jicho nusu sekunde kwenye mshale wa dashibodi. Ningefanya hivyo tu, nisingeandika haya.

Eswiglasi sina mengi. Wakati wa vumbi, vuta kijiti kwako kwanza maji yatoke, fagio lifuate. Ukifagia kavu unachora kioo, na jua la jioni litakuonyesha kila mchoro. Wenye Noah na baadhi ya Ipsum wanajua hatari nyingine: kijiti cha gia kiko hapohapo kwenye shingo ya volani, upande wa kushoto, jirani kabisa na eswiglasi. Mvua ya ghafula ikipiga, mtu anakimbilia eswiglasi na kugonga gia ikatoka D kwenda N. Moteri inanguruma, gari haivutwi tena, na yeye hajui kimetokea nini. Ukijua vijiti viwili vinakaa jirani, utatofautisha kwa kidole: kimoja kinene, kingine chembamba.

Warningi nayo, hapa nitagombana na mji mzima. Tuko na desturi: ukifika kwenye njia panda na unaenda moja kwa moja, unawasha taa zote mbili kusema sikati popote. Nani aliianzisha sijui, lakini ni lugha mbaya. Aliye mbele yako mwenye kuona gari yako yote atakuelewa labda. Aliye pembeni, ambaye nusu ya gari yako imefichwa na lori, anaona taa moja tu inayowaka na kuzimika. Kwake wewe unakata. Anaingia. Warningi ni ya gari iliyosimama mahali pa hatari, au shida ya kweli. Kwenda moja kwa moja hakuna taa yake, ju hakuhitaji taa.

Usiku kuna jambo ambalo hata wazee wa volani wanashangaa nikiwaambia. Taa za gari ya Ujapani zimepangwa kwa nchi ya kutembea kushoto. Hata zikiwa chini, mwanga wake unapanda kidogo upande wa kushoto, kusudi umulike kando ya barabara na watembea kwa miguu. Kwetu kushoto ndiko gari nyingine inatoka. Kwa hiyo mwenye Carina anaweza kuwa ameshusha taa kwa adabu zote na bado anampofusha mwenzake, na mwenzake anamjibu kwa taa kubwa, na wote wawili wanapita vipofu. Hilo linarekebishwa garaji, mbele ya ukuta, si kwa kijiti. Lakini kujua kwamba ipo kutakupunguzia hasira.

Na bariyeri. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya hali ya kuzingirwa, na hata kabla ya hapo bariyeri si jambo geni. Ukiikaribia usiku, unapunguza, unashusha taa, unawasha taa ya ndani wakuone uso. Sasa fikiria kijiti kimoja kinachobeba klinyota na taa pamoja. Unataka kuonyesha unasimama kuume, kidole kinatetemeka, badala ya kusukuma chini unasukuma mbele, na taa kubwa zinawapiga askari machoni. Rafiki yangu mmoja yalimpata. Akatoa sauti dirishani haraka, "Shefu, samahani, ni mkono!", na shefu, ambaye usiku ule alikuwa mtu mzuri, akamwambia azime kila kitu ashuke. Waliongea, akapita. Hakulala usiku ule. Mimi sasa nashusha taa mbali, mita mia na zaidi, kisha kidole kinakaa mbali na kijiti hadi gari isimame.

Funguo nayo iko kwenye shingo ya volani, na kitabu hakikuitaja kabisa kati ya vyombo vya mkono. Mnajua mteremko wa Bogoro kushuka Kasenyi. Bunia tuko juu ya mita 1,200, ziwa Albert liko mita 600 na kidogo, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo barabara inaimaliza kwa pamoja, kwenye ile kona baada ya kona. Kuna shofere wanaozima moteri pale kuokoa mafuta. Wanajivunia. Moteri ikizima, volani inakuwa nzito kama jiwe, maana msaada wake umekufa. Freni inabaki na pumzi ya kukanyaga mara mbili, tatu, kisha inagoma kama ukuta. Na ukipitiliza funguo hadi mwisho ukaichomoa, volani inajifunga. Hiyo ni kazi yake dhidi ya wezi, haijui kwamba uko kwenye mteremko na watu 7 ndani. Cha kuchekesha, kama si cha kulia, gari nyingi za enjeksheni zikishuka zimeingizwa gia na mguu umetoka kwenye aksele, zinakata mafuta zenyewe. Hakuna tone wanalookoa. Shuka na gia ndogo, mbili au L, acha moteri ishike gari.

Najua mtaniambia nini. Yaya, volani ya kushoto ni bei, na sisi ni vijana wa kutafuta kazi. Kweli. Sisemi mtu auze Probox yake. Sisemi pia kwamba kukataza kwa karatasi kutoka Kinshasa kutasaidia, tumeona. Wengine wananiambia kosa lilikuwa langu, si la kitabu, maana shofere mzuri anasoma gari kabla ya kuiwasha. Hilo nalipokea, mguu haukuvunjwa na fotokopi. Lakini kitabu kinachofundisha Bunia kinapaswa kuandikwa mtu akiwa amekaa Bunia. Mwandishi wake hakukosa elimu. Alichora gari la mahali pengine. Mchoro mmoja wa pili, volani kuume, vijiti vimebadilishana, na maneno matatu ya kuelewa badala ya sita ya kukariri, ungetosha. Ningeongeza na kurasa mbili juu ya kupita gari nyingine ukiwa umekaa kuume, ambapo huoni kitu mpaka nusu ya gari yako iko upande wa wenzako. Leo kazi hiyo anafanya abiria wa mbele: anatoa shingo, anaangalia, anasema "pita, papa, pita!" Klinyota yetu ya kweli kwenye njia ya Komanda ni mdomo wa abiria, na abiria huyo hajasoma otoekoli yoyote.

(Kando kidogo: kila asubuhi nikiwasha Carina, mama mmoja ndani ya dashibodi anazungumza Kijapani. Walinieleza kwamba anadai kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Miaka yote hii bado anaidai, na bado anatuambia hivyo kwa heshima.)

Nilirudisha fotokopi yangu otoekoli mwaka uliopita, nikiwa nimechora ukurasa wa pili kwa bik ya bluu. Papa mwalimu alivaa miwani, akageuza mikono yake hewani, kuume, kushoto, kuume. Akanyamaza muda. Akasema atatoa kopi kwa wanafunzi wapya, ila mashine ya fotokopi haina wino. Akanirudishia, ndiyo maana bado iko mezani.

Yule motari alirudi barabarani, mguu unamuuma wakati wa mvua. Mdogo wake anatafuta kazi ya shofere, na mwezi huu jioni anakuja kwetu. Tunakaa ndani ya Carina, moteri imezimwa, kontakti imewekwa, macho amefumba. "Kuume," namwambia. Kidole kinashuka, mshale wa kuume unawaka. "Kushoto." Kinapanda. "Sasa, wamekuita ONG, wamekupa Land Cruiser, volani kushoto. Kuume?"

Anasimama. Mikono yake inaachia volani ya kweli, inashika nyingine hewani, inageuza taratibu, na anaangalia ule wa kushoto unaenda wapi, ingawa macho bado yamefumbwa.

"Juu, yaya."